Aliyeachia Ashikiliwe
Somo: Marko 2:1–12

Wiki hii tunasoma habari za yule mtu aliyepooza pale Kapernaumu. Watu wanne walimbeba, na walipokuta mlango umezibwa na umati walipanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha na godoro lake mpaka miguuni pa Yesu. Marko haandiki kwamba mgonjwa mwenyewe alisema neno lolote. Anachotuonyesha ni kwamba Yesu alitazama imani ya kundi zima, kisha akamsamehe na kumponya mmoja.

Hapa Njoro tuna Chuo Kikuu cha Egerton, na baadhi ya vijana wetu wanasoma kemia huko. Leo nataka kemia hiyo itusaidie kulielewa andiko hili, kwa maana aliyeumba vitu vile vidogo tusivyoviona ndiye aliyetuumba sisi.

Seli za miili yetu zimevikwa sukari kwa nje. Si ile tunayotia kwenye chai, ingawa ni za ukoo mmoja. Sukari hizo ndizo zinazotofautisha damu ya kundi A na ya kundi B. Virusi vya homa ya mafua navyo huzitumia kujishikiza kooni mwetu. Hakuna hata mshiko wao mmoja ulio imara. Vinafaulu kwa sababu vinashika mahali pengi kwa wakati mmoja.

Kwa kuliona hilo, wanakemia wamejifunza kutengeneza polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, na kuitundikia sukari za namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanatumaini kwamba virusi au bakteria watanaswa na mnyororo huo, na mwili wa mtu usalimike.

Mwaka 1983, Yuan Chuan Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima jinsi seli za ini zinavyoshika galaktosi, sukari tunayoipata tunapomeng'enya maziwa. Walitumia molekuli zilizotengenezwa maabara, nyingine zenye galaktosi moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Ungedhani zenye tatu zitashikwa mara tatu zaidi. Zilishikwa zaidi ya mara laki moja kuliko zenye moja.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Si kwamba galaktosi ya tatu ilikuwa imara kuliko ya kwanza. Kila moja ni dhaifu, na kila moja huachia upesi. Lakini moja inapoachia, wenzake bado wameshika, kwa hiyo haiendi mbali. Inabaki pale pale karibu mpaka ishike tena.

Ndugu zangu, tumezoea kuwahesabu walioachia kuwa wamepotea. Mama aliyemzika mtoto haonekani tena kwenye jumuiya, nasi tunasema amepoa. Kijana amefutwa kazi, anaona haya kuja kanisani, nasi tunalifuta jina lake kwenye orodha ya kwaya. Somo hili linatukataza. Kuna majira ambayo mtu hawezi kuomba, hawezi kuimba, hata kuamini kunamshinda. Mungu hakutaka majira hayo yawe mwisho wake. Alimpa jirani ili imani ya jirani imweke karibu mpaka yake irudi.

Tena wanakemia wanatuonya. Sukari zikisongamana mno kwenye mnyororo, hubanana zenyewe kwa zenyewe na mshiko hupungua. Lazima ziachiwe nafasi. Sisi tukifiwa hujaa boma zima wakati wa matanga, turubai na viti na sufuria kubwa za chai. Wiki ya sita inafika, maharagwe yamekauka shambani, na mjane hana hata mtu mmoja wa kumsaidia kuyang'oa. Wote tulishika siku moja, na wote tukaachia siku moja.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya ndogo ndogo ifanye jambo moja wiki hii. Mtajeni mtu mmoja ambaye ameacha kuonekana, kisha mpange zamu. Mmoja apite Jumatatu na maziwa, mwingine amsindikize mtoto shuleni Jumatano, mwingine aende shambani Jumamosi. Msimuulize mbona haji ibada. Mwombeeni kwa jina lake kila mkutanapo, na mwendelee hivyo hata kama miezi itapita. Na ikifika siku yako wewe ya kuachia, usijifiche. Waruhusu wanne wako wakubebe.

Sala: Bwana Yesu, wewe ulipokea imani ya waliobeba kwa ajili ya aliyebebwa. Tufanye tuwe waaminifu kwa waliochoka, na utupe unyenyekevu wa kubebwa tunapochoka sisi. Amina.