Chini ya Mretemu: Neno kwa Wanaotumia Dawa za Baridi Yabisi



Someni kwanza sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mistari minane ya mwanzo, ndipo mrudi kwenye ukurasa huu. Habari ya Eliya na moto wa mlima Karmeli twaijua sote, na watoto wa shule ya Jumapili huipenda mno. Sura inayofuata haihubiriwi mara nyingi. Mtu yule yule aliyesimama peke yake mbele ya manabii wa Baali sasa anamkimbia Yezebeli. Anaketi jangwani chini ya mretemu na kumwambia Mungu kwamba amechoka, na afadhali afe.

Angalieni jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkaripia, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimpelekea malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji ya kunywa. Eliya akala, akanywa, kisha akalala tena! Malaika akamwamsha mara ya pili, akamlisha, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Baada ya hayo ndipo alipokwenda siku arobaini hata Horebu.

Mimi si mhubiri. Nimefundisha walimu chuoni miaka mingi, na sasa nimestaafu. Nimeomba nafasi katika gazeti letu kwa sababu kuna jambo nililolificha, na Kasisi anaona vema nilieleze, maana huenda wako wengine wanaolificha vivyo hivyo.

Miaka sita iliyopita vidole vyangu vilianza kuvimba. Asubuhi sikuweza kufunga kifungo cha gauni wala kushika kikombe mpaka saa nne hivi. Nilidhani ni uzee, nikachua kwa dawa za kuchua. Hospitalini wakaniambia ni ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na isipotibiwa hula viungo hata vikapinda. Nikaandikiwa methotreksati, vidonge sita vya miligramu 2.5, jumla miligramu 15, mara moja tu kwa wiki. Nikachagua Jumamosi usiku.

Jumapili zangu zikaharibika. Nilipatwa na kichefuchefu, mwili ukawa kama umepigwa, na harufu ya kitunguu tu ikanitoa jikoni. Wiki ya tatu nikatokewa na vidonda mdomoni. Nilipopiga magoti kwenye Meza ya Bwana divai iliniunguza kama pilipili, nikakunja uso, na aliyekuwa kando yangu akaniangalia. Tangu hapo nikaacha kwenda. Watu wakaanza kuulizana kama nimepoa. Mama mmoja akanijia nyumbani, kwa upole kabisa, akasema labda naviamini vidonge kuliko ninavyomwamini Bwana. Sikumjibu. Baadaye nilitamani ningalimwuliza kama miwani aliyovaa nayo ilikuwa ni kukosa imani, lakini majibu mazuri huja mgeni akiisha kuondoka.

Basi nikaacha dawa. Msidhani niliacha kwa imani; nilichoka kutapika. Kila Jumamosi nilitia vidonge sita ndani ya kopo la zamani la maziwa, kisha nikaweka alama ya vema katika daftari ambalo daktari aliniagiza niliandike. Nilifanya hivyo wiki kumi na moja. Ninyi mliopita mikononi mwangu chuoni mnakumbuka nilivyokuwa mkali kwa mwanachuo aliyeandika andalio la somo baada ya kipindi kwisha, ili mkaguzi alikute. Nilikuwa nikimwambia kwamba amesema uongo kwa kalamu. Nami nilikuwa bibi wa miaka 63, nikitenda lile lile.

Siku ya kliniki ilipofika viwiko na viganja vilikuwa vimevimba. Daktari alitazama daftari, alama za vema zimepangika vizuri, akatazama majibu ya damu, akasema inaonekana dawa haijatosha. Akaanza kuandika kipimo kikubwa zaidi. Nikaiona kalamu inakwenda. Hapo ndipo hofu iliponishika, kwa maana nilifahamu kwamba anamtibu mgonjwa wa daftarini, na mimi niliyeketi mbele yake hanijui. Nikasema, "Daktari, ngoja kwanza. Sijavimeza."

Kijana yule, ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho, aliweka kalamu chini akaniuliza ni nini kilichonipata. Nikamweleza habari za kutapika, vidonda, divai, na kopo. Hakunigombeza. Alisema maudhi hayo ya dawa yanajulikana sana, na kwamba mengi yana njia ya kupunguzwa, ila hawezi kupunguza asichoambiwa. Akanianzishia vidonge vinne, tupande polepole, nivimeze usiku baada ya chakula ili usingizi unisaidie. Akaniongezea kidonge cha foliki asidi, kimezwe siku nyingine, si siku ya methotreksati. Hicho ndicho wanachopewa wajawazito, na mjukuu wangu alipokiona mezani alicheka mpaka akaketi chini. Tukaihamisha siku kutoka Jumamosi kwenda Alhamisi. Aliniambia pia kwamba tumbo likikataa kabisa ipo sindano ya chini ya ngozi, ambayo wengine huivumilia vizuri zaidi. Akanionya nisitazamie nafuu kwa siku mbili, kwani dawa hii huchukua wiki sita hata kumi na mbili kabla ya kuonyesha kazi yake.

Kuhusu divai nilikwenda kwa Kasisi. Akanieleza kwamba Kanisa hufundisha kuwa aliyepokea mkate peke yake, kwa sababu ya ugonjwa, amepokea Sakramenti nzima. Nilikuwa nimejinyima miezi mitatu kwa kutokuuliza.

Sasa niseme yale ambayo daktari alinitaka niyashike, maana ni mambo ya uhai. Dawa hii ni ya mara moja kwa wiki. Wapo watu waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa; kwa hiyo andikeni jina la siku kwa herufi kubwa juu ya pakiti, na wa nyumbani walijue. Msikose kupima damu, kwa ajili ya ini na chembe za damu. Mkipata homa, koo kuuma, kikohozi kikavu na pumzi fupi, macho kuwa ya manjano, au vidonda vinavyozuia kula, msingoje tarehe ya kliniki. Msinunue Septrin dukani kwa ajili ya kikohozi, kwa kuwa ikichanganyika na methotreksati yaweza kudhuru vibaya damu. Pombe iepukwe. Na binti zetu walio katika umri wa kuzaa wamwambie daktari mapema, kwa sababu dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Wanaotumia prednisoloni, ambayo huvimbisha uso na kuleta njaa, kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, wasiiache ghafula hata siku moja, ila kwa maagizo. Nasi tuache kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amenona.

Yule mama aliyekuja kunionya si adui yangu, na neno lake limenifanya nisome Biblia zaidi. Katika sura ya 20 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, Hezekia yu mgonjwa, na Bwana amekwisha kumwahidi kwamba atapona na kuongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi imetolewa. Hata hivyo Isaya anaagiza zitwaliwe tini, ziwekwe juu ya jipu. Sijapata mahali palipoandikwa kwamba Hezekia alizikataa ili ahadi ionekane kubwa zaidi. Nilimsomea mama huyo sura hiyo sebuleni kwake mwezi uliopita. Hatukukubaliana katika kila jambo, lakini alinipikia chai ya tangawizi, na sasa huniletea tangawizi yenyewe.

Sijapona. Vidole viwili vimekwisha kupinda na havitanyoka tena, na sitajua kama ni wiki zile kumi na moja zilizovipinda. Nywele zimepungua kidogo, kilemba chanisitiri. Lakini nafunga vifungo vyangu mwenyewe, na Jumapili nipo kwenye kiti changu cha upande wa kushoto.

Kama yuko miongoni mwenu aliye na kopo lake, aje kwangu siku yoyote, tukae, na akitaka nitamsindikiza kliniki. Nitakwenda naye kwa basi la asubuhi. Ila asije Ijumaa kabla ya saa nane mchana. Saa hizo nitakuwa bado nimelala.