Ujasiri Hulipwa na Nani?



Neno ujasiri lasikika sana katika sharika zetu. Mhubiri hulitaja mimbarani, wazee hulitia katika maombi yao, na vijana wa kipaimara hufundishwa ya kwamba Mkristo hapaswi kuificha imani yake kama mtu afichaye mali ya wizi. Nasi twakubali. Imani isiyotoka nje ya mlango wa kanisa ni kama mbegu iliyofungwa kibuyuni: hailiwi na wadudu, wala haioti. Lakini liko swali moja lisilosikika sana, nalo ndilo twataka kulitafakari pamoja nanyi mwezi huu. Gharama ya ujasiri huo hulipwa na nani?

Maana hakuna ujasiri usio na gharama. Bwana wetu alinena habari za mjenzi wa mnara, apasaye kuhesabu mali yake kabla ya kuweka msingi (Luka 14:28). Mara nyingi fundisho hilo hutolewa kwa kutazama kiasi cha gharama, kama ni kubwa au ni ndogo. Yafaa kuutazama pia mfuko utakaotoa. Mtu aweza kujenga mnara mrefu sana kwa matofali ya jirani yake, na wapitao njiani wakamsifu.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 4. Petro na Yohana wamesimamishwa mbele ya baraza, na walioustaajabia ujasiri wao ni wakuu na wazee na waandishi, watu wenye uwezo wa kuwafunga. Mitume hawakuwa na askari nyuma yao, wala cheo, wala elimu ya shule. Kama neno lao lingeleta taabu, taabu hiyo ingewaangukia wao kwanza. Na kweli iliwaangukia, maana katika sura ya 5 twaona ya kwamba walipigwa. Angalieni basi upande neno lilikotoka na upande lilikokwenda. Lilitoka chini likapanda juu. Mtu asemaye na walio chini ya mkono wake, wasioweza kumjibu, huenda asema kweli tupu. Lakini jina la ujasiri halimfai, kwa kuwa hakuhatarisha kitu chake.

Jambo hili si la Yerusalemu tu. Nchi yetu nayo ina habari zake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka Kilimanjaro wakaenda Meru, wakapiga hema Akeri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 mashujaa wa nchi ile wakawashambulia, wakawaua, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Wawili hao walilipa kwa damu yao wenyewe, na kanisa huwakumbuka kwa haki. Lakini habari haikuishia pale. Wakati uleule Kapteni Johannes alikuwa amepiga kambi karibu na hapo pamoja na askari wake. Mtu wa Meru, aliyeziona hema hizi na hema zile, angewezaje kupambanua mzungu wa Injili na mzungu wa bunduki? Kisha serikali ya Kijerumani ikapeleka jeshi, na mashujaa wa Kichaga pamoja nalo, ili kulipiza kisasi. Watu wakauawa, ng'ombe wakatwaliwa, migomba ikakatwa. Wanawake na watoto wasioshika mkuki hata siku moja wakalipa, tena wakalipa kwa ajili ya vita ambavyo hawakuulizwa habari zake.

Hatuwahukumu waliolala Akeri; hawakuagiza kisasi kile, wala hawakuwako kukizuia. Twasema tu ya kwamba ujasiri wao ulikwenda njia moja na nguvu za dola, na watu wa Meru ndio walioona uzito wa mwenzi yule wa safari. Misheni ilirudi, ikajenga Nkoaranga mwaka 1902, na leo Meru ina sharika nyingi. Mtu asiseme upesi kwamba yote yalikuwa mema kwa kuwa mwisho wake ulikuwa mwema. Mungu aweza kuotesha mtama katika shamba lililochomwa. Hiyo si ruhusa ya kuchoma mashamba.

Wengine watatuuliza, Je, na Luther? Aliposimama Worms mwaka 1521 mbele ya Kaisari Karl wa Tano, aliweka kichwa chake mwenyewe katika mizani. Huyo twapenda kuwasimulia watoto. Luther wa mwaka 1525, aliyewahimiza watawala kuwapiga wakulima walioasi, twamsimulia kwa nadra. Kalamu ilikuwa ileile na mkono uleule. Aliyelipa ndiye aliyebadilika.

Sasa tuwatazame walimu wetu wa kale wa Kilimanjaro. Baada ya vita ya kwanza ya dunia serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, nao wakaenda zao mwaka 1920. Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walipofika mwaka 1922 kuja kusaidia walikuwa wachache sana. Katikati ya hapo sharika zilikuwa mikononi mwa walimu wenyeji, watu ambao bado hawakuwa wamewekewa mikono kuwa wachungaji. Wachungaji wa kwanza wa Kichaga walibarikiwa mwaka 1934. Mshahara ulikuwa haba au haukuwapo. Mwalimu alilima shamba lake asubuhi, akafundisha, akazika wafu, akaamua magomvi ya washarika, akasoma Neno siku ya Bwana. Hakuna serikali iliyomsimamia nyuma. Mkuu wa mtaa alipomdhihaki, alivumilia dhihaka yeye mwenyewe. Mvua ilipokosa, njaa ilikuwa ya nyumbani kwake. Jirani zake waliona jambo moja ambalo mahubiri yasingeweza kuwafundisha: mtu huyu halipwi, tena haachi. Ndipo wakauliza. Naye alipoulizwa, alijibu. Mtume Petro huwaagiza Wakristo wawe tayari kumjibu aulizaye habari za tumaini lao, wala si kwa ukali, bali kwa upole (1 Petro 3:15). Walimu wale hawakutafuta nafasi ya kusema. Maisha yao yaliwafungulia mlango.

Hatuandiki haya ili kuwafanya watu wa zamani kuwa malaika. Zamani zilezile zina jambo jingine ambalo bado lawauma wengi. Katika sharika nyingi mume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka amebaki na mmoja. Basi mtu alisikia Neno, akaamini, akatangaza mbele ya ukoo wake ya kwamba aacha desturi ya baba zake. Wote wakasema, Tazama ujasiri wake! Kumbe jioni ile mke wa pili alikuwa akifunga mzigo wake. Alirudi kwa ndugu zake pasipo kosa, na watoto wake wakagawanyika kama mali ya urithi. Mume akapata jina jipya na nafasi katika benchi. Mke akapata aibu. Hatusemi ya kuwa fundisho la ndoa ya mume mmoja na mke mmoja lilikuwa baya. Twasema bili ilipelekwa katika nyumba ambayo haikununua kitu. Kama yule mume angeendelea kumlisha mama yule, kumjengea, na kuwatunza watoto wake mbele ya macho ya watu wote, hata akichekwa na Wakristo wenzake, huo ndio ujasiri ambao tungeuandika kwa wino mweusi.

Na siku hizi je? Mtu hupanda basi la safari ndefu, na mara abiria mmoja asimama katikati ya viti aanza kuhubiri kwa sauti kuu mpaka kituo kinachofuata. Amefanya kazi ya ujasiri? Abiria hawawezi kushuka. Mwenye duka huwakusanya watumishi wake kila asubuhi kwa sala, wa dini yake na wasio wa dini yake. Nao husema Amina kwa kuwa mwisho wa mwezi u karibu. Muuguzi humshuhudia mgonjwa huku amemshikia dawa mkononi. Usharika mmoja hufungulia vipaza sauti usiku kucha, na jirani mwenye mtoto mchanga, ambaye huenda ni Mwislamu, hulala macho. Kisha twaambiana ya kuwa twaueneza Ufalme bila woga. Woga wa nani? Katika mambo hayo yote aliyekuwa na sababu ya kuogopa ni msikilizaji. Neno lililokuwa la thamani limeuzwa kwa mtu asiyeweza kuondoka sokoni.

Linganisheni na karani wa ghala aletewaye karatasi ya uongo aitie sahihi. Akataa. Hasemi mengi, hasomi hata aya moja. Mkubwa wake amhamisha, au amfukuza. Juma moja baadaye mwenzake amfuata nyumbani, amuuliza kwa nini amejiharibia kazi kwa ajili ya magunia machache ya mahindi. Sasa na aseme! Sasa na amtaje Kristo waziwazi, asiweke maneno ya kuzungukazunguka, maana yule mwenzake amekuja kwa miguu yake mwenyewe kuuliza. Wako Wakristo ambao hufika hapo, kisha hunyamaza kwa haya, wakasema tu, Ndivyo nilivyolelewa. Huko nako ni kuiacha njaa ya mtu mlangoni. Tendo jema pasipo neno humwacha mtazamaji akimsifu karani, asimjue Bwana wa karani.

Hapa yatupasa kumsikiliza mtu atakayetupinga, maana anayo haki ya kusikiwa. Atasema: Kanuni yenu yavunjika mara moja. Hakuna mtu alipaye peke yake. Yule karani ana mke na watoto, nao watakosa ada ya shule. Mkisema gharama isimguse mwingine, hakuna atakayethubutu neno lo lote.

Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatutaki kuliruka. Tulitie katika habari ya kweli. Gudina Tumsa alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, ndugu zetu wa Kilutheri, tangu mwaka 1966. Serikali ya kijeshi iliposhika nchi mwaka 1974, ikaanza kulibana kanisa. Gudina alikamatwa, akaachiliwa, akakamatwa tena. Mwaka 1979 ikapatikana nafasi ya kumtoa Ethiopia, kwa msaada wa Rais wetu Julius Nyerere. Gudina akakataa. Alisema ya kwamba mchungaji hawezi kuliacha kundi wakati wa kujaribiwa, akataja neno la Paulo katika 2 Wakorintho 5:15. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo akatekwa Addis Ababa alipotoka ibadani, akauawa. Mwili wake ulipatikana mwaka 1992, baada ya serikali ile kuanguka.

Mkewe, Tsehay Tolessa, alitiwa gerezani mwaka 1980, akateswa, akakaa humo karibu miaka 10. Basi je, Gudina alilipa kwa mfuko wa mkewe?

Kwa mke twaweza kusema neno. Mama huyu hakuwa mzigo uliofungwa juu ya punda. Imani ilikuwa yake, kanisa lilikuwa lake, na walioshika mateso walimtesa kwa ajili yake mwenyewe pia, si kwa ajili ya jina la mumewe tu. Watu wawili wakibeba boriti moja, hatusemi ya kwamba wa mbele amemdhulumu wa nyuma. Tena Gudina hakujificha mahali salama akiwaacha wengine wakipigwa, yeye alitangulia. Hii ndiyo tofauti kati yake na mume aliyemfukuza mke wa pili: huyu alipata, yule akapoteza, Gudina na Tsehay walipoteza wote wawili, na Gudina ndiye aliyepoteza vyote.

Lakini watoto wao hawakuulizwa. Kwa hao hatuna neno la kusema, wala hatutalitafuta kwa nguvu. Mtu asemaye upesi ya kuwa Mungu aliwatunza asema labda kweli, lakini asema kweli isiyomgharimu kitu. Twaona kwamba kanuni yetu haiondoi kila fundo. Yatuzuia tu tusiite ujasiri kile ambacho mwenzetu peke yake ndiye anayekitolea machozi. Na mahali ambapo wengine hawana budi kuguswa, mwenye kuamua asimame karibu nao, ajue majina yao, awachukulie sehemu ya mzigo wao.

Haya yanawahusu hasa wainjilisti na walimu wa ubatizo, nao wasituudhikie. Twafikiri juu ya binti wa miaka kumi na tisa, ambaye baba yake si Mkristo. Amesikia Neno katika darasa, amependa kubatizwa, na baba ameapa ya kwamba siku atakapobatizwa hatakula tena katika nyumba yake. Mwalimu humwambia, Uwe jasiri, binti yangu, Bwana yu pamoja nawe. Kisha mwalimu hurudi kwake, hukuta ugali umeivishwa, hulala. Binti hurudi kwa baba yake peke yake.

Bwana yu pamoja naye, ndiyo. Lakini mwalimu naye ana miguu. Na aende siku nyingine kabla ya ile, pasipo binti, tena pasipo kundi la washarika. Na apige hodi, akubali kukalishwa juani kama mzee atamkalisha juani, asikie matusi yaliyokuwa yakimngoja binti, asiyajibu. Aulize mzee anaogopa nini hasa: kwamba atampoteza mtoto, au kwamba mahari itapotea, au kwamba hakutakuwa na wa kumzika kwa desturi za ukoo? Huenda mzee atamfukuza. Basi arudi juma la pili. Naye kabla ya kutoka nyumbani mwake na aseme na mkewe, kama kipo chumba, au hata kitanda kimoja jikoni, kwa ajili ya binti yule usiku ambao mlango wa baba yake utafungwa.