Kazi Huisha Lini?

Mzazi wa Iringa auzaye ng'ombe ili mwanawe asome usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, hungojea siku moja: siku kijana atakapoonyesha mchoro wake wa mwisho mbele ya walimu na kushinda. Ndipo husema, "Kazi imekwisha." Je, imekwisha kweli?

Mimi naona sivyo. Mchoro ni ahadi, na ahadi haitimizwi kwa kusifiwa. Tumtazame Beda Amuli, aliyesoma ufundi huo Haifa, Israeli, kisha akachora soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake alilifanya kama miavuli iliyopinduliwa, maji ya mvua yakusanyike na kushuka katika matangi chini ya ardhi. Huko waliomtahini hawakuwa walimu, bali mvua, jua, na mama auzaye mchicha.

Mtu atasema, "Mwanafunzi hana fedha za kujenga." Ni kweli, lakini aweza kuchora kana kwamba msingi utachimbwa kesho. Basi asiwaogope walimu tu. Amjali zaidi yule asiyejua kusoma mchoro, atakayelala chini ya paa lile kwa kumwamini. Deni la ng'ombe halilipwi kwa karatasi, bali kwa nyumba isiyovuja.