Udongo na Umri wa Dunia

Akili ya mwanadamu, ambaye umri wake aghalabu hauzidi miaka 80, hupata taabu kubwa isimuliwapo habari za miaka laki moja, seuze milioni. Huikiri hesabu hiyo kwa ulimi, na moyoni ikabaki maneno matupu. Nimetaamali sana ni kwa njia gani kiumbe wa siku chache aweza kuufahamu, wala si kuukariri tu, muda usiokuwa na shahidi aliye hai, nami naamini kwamba njia iliyo karibu kuliko zote ni ya kulima bustani.

Mtazame apandaye mchicha na bilingani katika ardhi ya mawe ya pwani ya Kilifi. Jembe lake halishuki shubiri mbili ila ligonge mwamba wa matumbawe, na mwamba huo, ukidondoshewa siki, hutoa povu, kwa kuwa ni chokaa iliyojengwa na viumbe vya baharini zamani hizo bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji ya mvua, yakiisha kuchukua hewa ukaa ya angani na ile itokayo mizizini, huula mwamba kidogo kidogo. Chokaa huyeyuka ikaenda zake, na yale yasiyoyeyuka, yaani ufinyanzi na chuma kilichoshika kutu, husalia katika nyufa yakawa udongo mwekundu. Basi na ajiulize mkulima: ikiwa masalio ni haya machache, mwamba ulioliwa ulikuwa na kina gani, na mvua ngapi zilinyesha hata ukalika? Hesabu yenyewe hataipata kwa jembe, maana hiyo imetoka kwa wapimao madini katika karne ya 20. Alipatalo ni jambo ambalo hesabu peke yake haiwezi kumpa: yakini kwamba tendo dogo alionalo kwa macho yake, likipewa muda, latosha.

Na atie konzi ya udongo huo katika chupa ya maji, aitikise. Mchanga hutua upesi, lakini ufinyanzi, ambao chembe yake haifiki milimita 0.002, huelea siku nzima na zaidi. Hapo atafahamu kwa nini bahari ya Malindi hugeuka nyekundu mto Sabaki unapofurika, na ni rutuba ya nani inayokwenda.

Swali hilo ndilo lililomshughulisha James Hutton, aliyesomea utabibu kisha akaenda kulima Slighhouses, huko Scotland, katika miaka ya 1750. Aliona mvua ikiuchukua udongo wa mashamba na mito ikiupeleka baharini. Na kwa kuwa mimea haiishi pasipo udongo, wala udongo hauzaliwi ila mwamba uharibike, akahoji kwamba nchi kavu ingalikwisha zamani kama pasingalikuwa na nguvu iinuayo nchi mpya kutoka chini ya bahari. Alipowasomea wanazuoni wa Edinburgh rai hiyo mwaka 1785, alikuwa hajafika Siccar Point. Alifika mwaka 1788 kwa mashua, pamoja na John Playfair na James Hall, akaona matabaka ya kijivu yaliyosimama wima na juu yake matabaka mekundu yaliyolala: mashapo ya kale yaliyoinuliwa yakalika, kisha yakatandikwa mengine. Burhani ya mawe ilikuja nyuma. Hoja ilikwisha kuanza yapata miaka 30 kabla yake, kwa mtu aliyekuwa akichimba mitaro ya shamba lake.