Sadaka ya Nani?

Mtu akisema, "Nimejitolea sana kwa ajili ya kazi," yafaa aulizwe kwa upole: kilichotolewa kilikuwa cha nani? Swali hili hunijia kila niufikiriapo mchezo wa televisheni wa Denmark uitwao Borgen, ulioanza kuonyeshwa huko mwaka 2010. Maana ya jina hilo ni Ngome. Ndivyo watu wa huko waliitavyo jumba la Christiansborg mjini Copenhagen, lenye Bunge na ofisi ya Waziri Mkuu.

Birgitte Nyborg ni kiongozi wa chama cha siasa, mke wa Phillip, na mama wa Laura na Magnus. Anaupata uwaziri mkuu pasipo kuutazamia, baada ya Waziri Mkuu aliyekuwapo kuaibishwa: mkewe alichafukwa na moyo dukani mjini London, naye akalipia vitu vyake kwa kadi ya Serikali. Stakabadhi ya malipo hayo aliletewa Birgitte kwanza, akakataa kuitumia. (Kiongozi wa chama kingine hakukataa.) Basi huyu si mwanamke mwenye uchu wa madaraka, na tusimhukumu kama kwamba ndiye.

Yeye na mumewe walikuwa wamepatana kupokezana: mmoja akishika kazi kubwa, mwenzake aangalie zaidi nyumba, kisha zamu igeuke. Phillip anatimiza sehemu yake. Anafundisha chuoni, anapika, anawangoja watoto. Hatimaye anapata ukurugenzi wa kampuni, na furaha yake yaonekana usoni. Kisha yagundulika kwamba kampuni hiyo itanufaika na ndege za kivita zinazonunuliwa na Serikali. Birgitte anamtaka ajiuzulu, naye anajiuzulu.

Wengi husema hapa mke alikosea. Mimi naona kwa upande wa haki ya nchi hakukosea hata kidogo. Nyumba ya Waziri Mkuu haiwezi kula faida ya mkataba wa Serikali yake. Kosa li katika namna. Kutwa nzima ofisini vyama alivyoungana navyo vilikuwa vikimvuta huku na huku, hata akajifunza kwamba asiyeamuru ataamriwa. Jioni aliingia kwake na sauti ile ile. Alimwondoa mumewe kazini kama aondoavyo waziri, kana kwamba sadaka ile ilikuwa ya nyumba nzima. Mfalme Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna pamoja na ng'ombe, alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Kazi iliyotolewa ilikuwa ya Phillip. Ya Birgitte ilibaki mahali pake.

Wapo watakaouliza: angekuwa mwanamume, nani angelalamika? Ni kweli, na aibu hiyo ni yetu. Ni wanawake wangapi walioacha ualimu au uuguzi, wakafunga mizigo kumfuata mume aliyehamishwa, wala hakuna aliyeliita jambo hilo sadaka? (Wake wa mapadri wangeweza kujaza kurasa hizi.) Lakini dhuluma ya siku nyingi haigeuki kuwa haki kwa sababu imebadili mtendaji.

Ambaye hakuulizwa kabisa ni mtoto. Baada ya wazazi kuachana, Laura apatwa na hofu kali, hata alazimika kulazwa katika kliniki ya watu binafsi, wakati ule ule ambapo Serikali ya mama yake inataka kuzibana hospitali za namna hiyo. Magazeti yanaishika habari. Washauri wanahesabu kura. Ndipo Birgitte anapochukua likizo na kumwachia mwingine kiti kwa muda, bila kujua kama atakikuta. Hapo kilichowekwa hatarini kilikuwa chake mwenyewe.

Laura alipata nafuu polepole, na mama akarudi Ngome. Phillip hakurudi.