Je, Deni la Mshahara Hufa?

Mtu mmoja wa usharika alinijia akaniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu upesi. Alikuwa amefanya kazi katika shamba la kahawa la mzee mmoja wa kanisa, akaondoka hali hajalipwa mshahara wa miezi 3. Aliponieleza habari hiyo mara ya kwanza, nalimwambia, "Vumilia, ndugu; yule ni mzee wetu, atakulipa." Akavumilia mwaka mzima. Kisha akaenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akaambiwa kwamba amechelewa. Akarudi kwangu akasema, "Baba Mchungaji, je, haki yangu imekufa?"

Katika Tanzania kanuni za mwaka 2007 zaagiza madai ya namna hii yapelekwe mbele ya Tume hiyo katika siku 60 tangu ugomvi ulipotokea. Nayo madai ya kuachishwa kazi isivyo haki, katika siku 30. Aliyechelewa aweza kuomba kwamba kuchelewa kwake kusamehewe, lakini sharti aonyeshe sababu ya kutosha. Mpaka huo si uovu. Mashahidi hufa, barua hupotea, nao watu husahau; mwamuzi atahukumuje neno lisiloweza kuthibitishwa? Tena si vema mtu atishwe maisha yake yote kwa shtaka la zamani.

Lakini tuangalie sana ni kitu gani kinachokoma. Siku zikipita, mlango wa baraza hufungwa. Deni halilipwi kwa kufungwa mlango. Sheria haisemi, Fulani amelipa. Yasema tu, Hatusikilizi tena. Nayo Torati ina mpaka wake: 5 Mose 24,15 yaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa. Tazameni tofauti: wanadamu wamemwekea mpaka yule anayedai, Mungu amemwekea mpaka yule anayelipa. Naye Yakobo (5,4) atuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana. Hakutaja siku ambayo kitanyamaza. Basi mwajiri Mkristo asemaye, "Siku zimepita, sidaiwi," angali anaivunja amri ya saba. Dawa ya deni ni kulipa.

Na mfanya kazi je? Asidhani kwamba kunyamaza ndio upole. Mathayo 18,15-16 yatufundisha kumwendea ndugu aliyetukosea, kwanza peke yake, kisha pamoja na mashahidi. Wala kudai haki mbele ya serikali si dhambi, kwani Paulo naye alitaka hukumu ya Kaisari.

Mimi nami nalikosa, kwa kuwa subira niliyoihubiri ilimfaidia mwenye nguvu. Nalimwendea yule mzee, nikamwonyesha maneno haya. Amelipa mwezi 1, na miezi 2 bado. Walimu wa Injili, mkijiwa na mtu kama huyo, msimwambie avumilie kabla hamjamwuliza, "Siku zako zimebaki ngapi?"