Amri Zikigongana, Ipi Inashinda? Somo Kutoka Meza ya Karata



Masomo yetu ni Marko 7:9-13, 2 Samweli 12:1-13 na Wafilipi 2:5-11. Yasome kwanza, usiyaruke, maana leo tutayahitaji yote matatu.

Naanza na swali. Mtu anapiga hodi nyumbani. Ni yule anayemdai baba yako. Baba yuko chumbani, anakuita pembeni na kukunong'oneza: "Mwambie sipo." Amri ya nne inakutaka umheshimu baba. Amri ya nane inakukataza kusema uongo. Mgeni anasubiri mlangoni. Unatii amri ipi?

Tuseme ukweli. Mara nyingi hatufikiri. Tunachagua ile isiyotuletea shida jioni hiyo, halafu baadaye tunatafuta aya ya Biblia ya kutuliza dhamiri. Na hali hii inatupata kila mahali: nyumbani, chuoni, kazini, kwenye uchumba. Ndiyo maana leo nataka tujifunze kwa watu ambao kugongana kwa sheria ndiyo raha yao.

Mchezo wenye sheria zinazogongana

Mwaka 1993 mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Jina lisikutishe, ni hadithi za kubuni zilizowekwa kwenye karata. Wachezaji hukusanya karata, hubadilishana, na kila mmoja hupanga fungu lake la kuchezea.

Sasa, kila karata ina maneno yake, na maneno hayo ni sheria. Hii inasema fanya hivi, ile inasema kinyume chake. Karata zilizochapishwa tangu wakati huo ni maelfu kwa maelfu, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kukaa akafikiria mapema kila namna zitakavyokutana mezani. Kitabu cha sheria za mchezo kimefika kurasa zaidi ya 200, na kwenye mashindano makubwa kuna waamuzi waliojifunza kazi hiyo.

Kinachonivutia ni hiki: karata mbili zikigongana, wachezaji hao hawasemi "basi, kila mtu afanye anavyojisikia." Wanaamini jibu lipo, na wanalitafuta hadi walipate. Je, sisi tunaosema Mungu ni mmoja na ukweli wake ni mmoja, tuna imani hiyo? Amri za Mungu hazipigani zenyewe kwa zenyewe. Zikionekana kupigana, ujue kuna mahali hatujasoma vizuri.

Kwanza: "huwezi" inashinda "unaweza"

Mwanzoni kabisa mwa kitabu kile kuna kanuni nyepesi: jambo moja likikuruhusu au kukuagiza kufanya kitu, na jingine likisema kitu hicho hakiwezekani, katazo linashinda. Karata moja inakupa ruhusa ya kuweka ardhi ya ziada mezani. Nyingine inasema zamu hii huwezi kuweka ardhi. Jibu ni huwezi. Hata ukiwa na ruhusa kumi mkononi, katazo moja linatosha.

Mwezi uleule mchezo huo ulipoanza kuuzwa, Agosti 1993, Mtakatifu Papa Yohane Paulo II alitoa waraka Veritatis Splendor kuhusu misingi ya maadili. Humo anafundisha kwamba amri zinazokataza jambo lililo ovu kwa lenyewe zinamfunga kila mtu, daima, katika kila hali. Amri zinazoagiza mema nazo zinatufunga, lakini namna ya kuzitimiza hutegemea hali na nafasi. Sababu yake ni hii: unaweza kuzuiwa kutenda jema fulani, kwa ugonjwa, umbali au hata gereza. Lakini hakuna anayeweza kukulazimisha kutenda uovu kama uko tayari kufa kuliko kuutenda.

Ukitaka kuona kanuni hiyo ikiwa na mwili na damu, mtazame Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Walikuwa wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na walimtumikia kwa uaminifu. Kumtii mfalme ni jambo jema. Lakini alipowataka uchafu, na alipowataka waiache imani, walifika penye "siwezi." Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, waliteketezwa kwa moto. Hawakumwasi mfalme kwa kiburi. Walikuwa watiifu kwake hadi pale utii ulipoishia.

Basi, turudi mlangoni kwa baba. Kumheshimu mzazi ni agizo, na lina njia nyingi za kutimizwa. Uongo ni katazo. Katekisimu, namba 2217, inasema wazi kwamba mtoto anapaswa kuwatii wazazi, ila dhamiri yake ikimwonyesha kwamba agizo fulani ni baya kimaadili, asilitii. Lakini ngoja, usikimbilie kumwaibisha baba! Namba 2489 inatukumbusha kwamba si kila mtu ana haki ya kuambiwa kila kitu. Unaweza kumwambia mgeni kwa adabu, "Samahani, hutaweza kuonana naye leo. Nimpe ujumbe gani?" Na baba unamwambia, kwa unyenyekevu wa mtoto, "Baba, nisamehe, kusema haupo siwezi. Lakini nitakusaidia kwa lingine lolote." Hapo amri zote mbili zimesimama. Hukusema uongo, na baba hukumvua nguo mbele ya watu.

Vivyo hivyo kwa rafiki anayetaka umfanyie mtihani "kwa upendo." Upendo una milango elfu. Kaa naye usiku, mfundishe, mwombee. Udanganyifu haumo katika milango hiyo. Mtume Paulo alishalimaliza hilo katika Warumi 3:8: hatutendi mabaya ili mema yaje.

Pili: "fanya" mbili zikikutana

Lakini vipi kama zote mbili ni maagizo mema? Ni Dominika, Misa ni saa moja asubuhi, na mdogo wako ana homa kali, hakuna mwingine wa kubaki naye. Hapa hakuna uovu upande wowote, kuna mema mawili na mtu mmoja. Kanisa limeshakujibu: ugonjwa au kumhudumia mtoto mchanga ni sababu nzito inayomwondolea mtu wajibu wa Misa (Katekisimu 2181). Mdogo wako mgonjwa anaingia hapo hapo. Baki naye bila woga, sali nyumbani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ina kanuni 1752, na ile ya mwisho kabisa inafunga kitabu kwa kukumbusha kwamba wokovu wa roho lazima uwe sheria iliyo kuu katika Kanisa. Kanuni zote zilizotangulia zinaelekea huko.

Ila hapa ndipo pana hatari. Kwenye mchezo, mchezaji akigundua mwanya katika sheria anashangiliwa, maana ameketi mbele ya mpinzani. Mungu si mpinzani wako. Ukitafuta mwanya, unamkimbia Baba. Ndivyo walivyofanya wale ambao Yesu anawakemea katika Marko 7. Walikuwa wakitangaza mali yao kuwa korbani, yaani sadaka kwa Mungu, kumbe shabaha ilikuwa wasimtunze baba wala mama. Sheria takatifu ikawa kisingizio cha kuvunja sheria takatifu nyingine.

Korbani zetu tunazijua. Mazoezi ya kwaya kila jioni, na mama anabaki na vyombo, maji na watoto peke yake. "Nipo kwenye utume." Kweli? Au utume umekuwa mahali pazuri pa kukwepea kazi? Na kinyume chake pia kipo: mtu ambaye kila Dominika ana "dharura ya kifamilia," kumbe kuna mechi. Swali la kujiuliza ni moja. Kama hili jema ninalodai kulifanya lingekuwa gumu na lile ninaloliacha lingekuwa rahisi, bado ningechagua hivi?

Tatu: karata iitwayo Unyenyekevu

Sasa tuje kwenye fumbo maarufu sana la mchezo huu. Kuna karata ya mwaka 1997 iitwayo Humility, yaani Unyenyekevu. Ikiwa mezani, viumbe vyote, vyako na vya mwenzako, vinapoteza uwezo wao wote, na kila kimoja kinabaki na nguvu 1 na ustahimilivu 1. Mwaka 1999 ikatoka nyingine, Opalescence. Hii inazigeuza karata nyingine za aina ileile ya Unyenyekevu kuwa viumbe.

Umeona mtego? Unyenyekevu wenyewe unakuwa kiumbe. Na viumbe vyote vinapoteza uwezo. Kwa hiyo unapoteza uwezo wake wa kuvinyang'anya viumbe uwezo! Sasa unafanya kazi au haufanyi?

Jibu la kitabu ni la tabaka kwa tabaka. Kwanza tunauliza kila karata ni kitu cha aina gani, kisha uwezo wake, mwishoni nguvu zake. Na kazi iliyokwisha kuanza katika tabaka la juu inaendelea katika tabaka la chini, hata kama uwezo ulioianzisha umeondolewa. Kwa hiyo Unyenyekevu unajivua uwezo wake wenyewe, na bado kazi yake inatimia hadi mwisho.

Nilipofika hapo nilimkumbuka Daudi. Nabii Nathani alimsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu papo hapo. Kumbe mtu huyo ni yeye. Sheria aliyoiweka mezani kwa ajili ya wengine ikamgeukia. Ukuu wa Daudi ni kwamba hakutafuta mwanya. Alikiri.

Na kuna aliye zaidi ya Daudi. Kristo hakusubiri sheria imgeukie, aliiingia kwa hiari. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba, akiwa na hali ya Mungu, alijifanya hana kitu, akawa mtumishi, akatii mpaka msalabani. Alijivua, na kazi yake haikukoma. Ilitimia hapo hapo msalabani, alipoonekana hana uwezo wowote.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kabla hujamsomea mwenzako amri, iache ikupite wewe kwanza. Unayemkemea dada kwa mavazi yake, macho yako yameshapita kwenye amri hiyo? Unayemdai padre uwazi wa mapato, michango ya kikundi chenu uliyoishika iko wapi?

Mwisho: inua mkono

Mchezaji asiyeelewa karata mbili zinavyokutana husimama, huinua mkono, humwita mwamuzi, kabla ya kuendelea. Sisi tunaendelea kwanza, tunavuruga meza yote, halafu ndipo tunauliza. Na mara nyingine tunamuuliza rafiki tunayejua atatujibu tunavyotaka.

Wiki hii fanya mambo matatu. Andika mahali pamoja ambapo amri mbili zinakuvuta. Tafuta kama kuna katazo upande mmoja, na kama lipo, hapo umeshapata mpaka. Kisha mpelekee padre au mlezi wako wa kiroho jambo lenyewe lote, bila kuficha ile sehemu inayokuumiza. Kama umeshavuruga meza, Sakramenti ya Kitubio ipo, na Mwamuzi wa pale ni yuleyule aliyekufa kwa ajili yako.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Wewe uliyeitii sheria uliyotupa, tunyoshee dhamiri zetu. Tupe moyo wa kusema "siwezi" penye uovu, moyo wa kusema "nipo" penye wajibu, na unyenyekevu unaoanza na sisi wenyewe. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Amina.